Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, kamwene!

Nawashukuru mliopanda kutoka Iringa mjini na Ilula, na ninyi wa Dar es Salaam mliotuma michango badala ya udhuru. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitazungumzia boma, yaani jengo lililosimama kuta bila paa.

Boma la madarasa ya shule yetu ya msingi lilifikishwa kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, kwa nguvu za wananchi, likabaki hapo likisubiri kupauliwa. Mvua za huku Kilolo mnazijua: zikianza Novemba, mpaka Aprili bado zipo. Kozi za juu, yaani safu za matofali, zililowa na kulegea, fundi akazibomoa na kuzijenga upya. Kazi moja tumeilipia mara mbili. Mwaka huu halmashauri imeleta bati, sisi tukatoa mbao, na watoto wamo ndani.

Mbao nazo zilitusumbua. Baadhi yetu walileta za misonobari zilizopasuliwa wiki ileile, utomvu bado unachuruzika. Fundi alizikataa, na alikuwa na haki: mbao mbichi ikishapigiliwa hupinda na kuinua bati. Ikabidi zipangwe kivulini, vipande katikati ili upepo upite, tukachelewa. Anayetaka kuchangia mbao mwakani azikaushe kwanza, la sivyo atoe fedha.

Kila kikao kuna anayeuliza: si elimu ni bure, tunachanga ya nini? Ada na michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, na mimi naiunga mkono hatua hiyo. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Likitokea, nileteeni taarifa. Lakini utaratibu huohuo ulimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa, na kujitolea kwa hiari hakukukatazwa. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hiyo haiezeki darasa, wala haikukusudiwa kuezeka.

Chakula kimetuangusha. Tunadai mahindi na maharage Januari, shule zinapofunguliwa, wakati magunia nyumbani yameshapungua na mbolea imekula fedha. Kufika Machi stoo ya shule ilikuwa tupu, na wadogo wa darasa la kwanza wakaanza kutoonekana. Napendekeza tukusanye Julai na Agosti, mahindi yakitoka shambani, kila kaya ipime debe lake mbele ya kamati ya shule na jina liandikwe kwenye daftari litakalosomwa kwenye mkutano wa kijiji. Watu wanaona aibu kusomwa hawajatoa, tuitumie.

Mradi unaofuata ni vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nasi tuko mbali nacho. Kamati ya utendaji inaomba ridhaa yenu tuanze na upande wa wasichana, shimo lichimbwe kiangazi, na mhandisi wa halmashauri aone eneo kabla jembe halijagusa ardhi.

Mhazini, karibu.