Jina la Nkambo kwenye jiwe la kanisa

Liège, Ubelgiji

Yaya, mkubwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, pamoja na picha ya jiwe ambalo halmashauri inataka kuliweka kwenye mlango wa kanisa letu la kule kijijini. Pesa ya mabati nimekwisha kuituma. Uitoe Lubumbashi wewe mwenyewe, na misumari msiisahau. Lakini jiwe lenyewe limeninyima usingizi, kwa sababu limemtaja mmisionari peke yake, kana kwamba Nkambo, babu yetu, hakuwahi kukanyaga pale.

Hata mmisionari John Springer, aliyepita Katanga na mkewe Helen mwaka 1907 na ambaye hutajwa kwanza kila wanapotajwa Wamethodisti wa kwetu, hakumficha Kayeka Mutembo, aliyetekwa utumwani akafikishwa Angola, akaamini huko, kisha akarudi kuwafundisha ndugu zake. Na mwaka 1964, John Wesley Shungu alipowekwa kuwa askofu wa kwanza Mkongomani wa Kanisa la Methodisti, Nkambo alilia mbele ya watu, nawe ulikuwepo. Leo wajukuu zake wamwache nje ya mlango alioujenga?

Daftari lake ninalo hapa mezani. Shangazi anasema nililiiba. Mimi nililiokoa na mchwa. Sadaka ya Jumapili moja ameiandika kwa penseli: vikapu vitatu vya mihogo, kuku wawili, mayai manne. Pembeni, kwa herufi ndogo zaidi, yapo majina ya waliobeba maji ya kufyatulia matofali, kumi na mmoja, wote wanawake. Hao ndio waliokuja kuwa Mama Kipendano, yaani chama cha wanawake wa Kimethodisti, wa kwanza pale, na hakuna jiwe linalowajua.

Huku nimechaguliwa kuongoza kwaya yetu ya Kiswahili, na Pasaka iliyopita Wabelgiji walijaza viti hadi nyuma. Kazi si mbaya, baridi tumeizoea. Ila kila Jumapili alfajiri nakisikia kile kipande cha reli chini ya mwembe, Nkambo akikigonga mara tatu na mbwa wa kijiji kizima wakimwitikia.

Mwambie pasta kwamba fundi asianze kuchonga. Gharama ya herufi zitakazoongezeka ni juu yangu, ya Nkambo na ya wale mama kumi na mmoja. Majina nimeyanakili nyuma ya karatasi hii, jinsi yeye alivyoyaandika. Daftari nitalileta mwezi wa nane, nimkabidhi Shangazi mkononi.

Mdogo wako