Jirani kazoea mashine ya kusaga, wewe hujazoea: kudeka hakuhusiki

Karibu kila mteja anayekuja karakana yetu hapa Mbeya kuulizia dirisha la kuzuia kelele huanza kwa kujitetea. Mwenye nyumba kamwambia atazoea. Mama mkwe kamwambia anadeka. Mumewe analala fofofo, yeye saa kumi alfajiri yuko macho anasikiliza malori ya Zambia yakishuka mteremko kwa injini breki. Basi akifika anasema, "Shikamoo fundi, samahani, labda ni mimi tu."

Mama, si wewe tu. Maelezo yake ni marefu kidogo, na mtu akiwa juu ya ngazi na futi mkononi hawezi kuyatoa yote, ndiyo maana tumeyaandika hapa.

Sikio halina kope. Sauti inaingia usiku na mchana, uwe macho au usingizini, na kinachoamua kama itakusumbua ni ubongo. Watafiti wana njia ya kuliona jambo hili. Mtu anabandikwa vipokea umeme kichwani, anasikilizishwa mlio mfupi, halafu mlio uleule tena baada ya nusu sekunde. Wanamwacha sekunde kadhaa, wanarudia jozi nyingine. Milisekunde 50 hivi baada ya mlio wa kwanza, ubongo hutoa wimbi dogo la umeme. Kwa watu wengi, mlio wa pili hutoa wimbi hafifu zaidi, ingawa ukali wa sauti ni uleule. Ni kama kupita dukani kwa jirani: mara ya kwanza mtaulizana habari za nyumbani, za watoto mpaka za shamba; ukirudi baada ya dakika mbili kwa sababu umesahau kiberiti, anakuitikia kwa kichwa tu.

Huko kuitikia kwa kichwa kunahitaji kemikali. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa hipokampasi, na humo kuna seli ambazo kazi yake ni kutuliza seli nyingine. Kemikali ya asetilikolini inapozifikia, seli hizo huamka na kumwaga kemikali nyingine, GABA. Hiyo GABA ndiyo inayobana mwitikio wa mlio wa pili. Asetilikolini hupokelewa kwenye vipokezi vya aina mbalimbali, na kinachotajwa sana katika kazi hii kinaitwa alfa 7. Kipokezi hicho huamshwa pia na nikotini, ileile ya kwenye tumbaku.

Mengi ya haya yalijulikana kwa kuchunguza watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Robert Freedman na wenzake huko Colorado, Marekani, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliona kwamba kwa wengi wa wagonjwa hao wimbi la pili halipungui inavyotarajiwa. Baadhi ya ndugu zao wa damu, wazima kabisa, walionyesha hali hiyohiyo. Mwaka 1997 kundi hilo lilihusisha jambo hilo na eneo la kromosomu ya 15 ambako jeni ya kipokezi cha alfa 7 inakaa. Waliona pia kwamba nikotini hurekebisha uchujaji, yaani huko kubana mwitikio wa mlio wa pili, kwa muda mfupi tu, kisha vipokezi vinachoka na mambo yanarudi palepale. Wapo wanaoamini kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wengi wa skizofrenia kuvuta sana sigara. (Na kabla hujamwambia mkeo kwamba fundi wa madirisha kakuruhusu pakiti: hatujakuruhusu.)

Tuliweke wazi jambo moja, maana tumeshaulizwa. Kushindwa kuzoea mashine ya jirani si dalili ya ugonjwa wa akili. Watu wazima wenye afya hutofautiana sana katika uchujaji huu, kama wanavyotofautiana kimo. Ila ukiwa unasikia sauti ambazo wa nyumbani hawazisikii, usije kwetu. Nenda hospitali, waone watu wa afya ya akili.

Hata kwa mtu mmoja uwezo huo hupanda na kushuka. Katika jaribio moja, watu wazima waliambiwa watumbukize mkono kwenye maji ya barafu. Kwa muda ule wa maumivu na mwili kusimama tahadhari, uchujaji wao ulilegea, wimbi la pili likawa kubwa kuliko kawaida yao. Kemikali inayohusishwa na hali hiyo ni noradrenalini, ambayo mwili humwaga ukiwa na hofu au mkazo. Dawa za kusisimua kama amfetamini, zinazochochea kemikali nyingine ya ubongo iitwayo dopamini, nazo huvuruga uchujaji. Sisi tunavyoona kutokana na wateja wetu, mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita au anayeuguza mgonjwa nyumbani huja akilalamikia mashine ambayo imekuwa hapo jirani miaka yote. Haijaongeza kelele. Kilichobadilika ni hali ya anayeisikia. Mwambie "usiwaze" uone kama itasaidia.

Sasa kuna upande wa sauti yenyewe, na hapa ndipo tunapopata kazi. Mwaka 1978 Risto Näätänen, mtafiti kutoka Finland, na wenzake walieleza wimbi jingine la ubongo, linalotokea pale sauti iliyokuwa ikijirudia inapobadilika ghafla. Msikilizaji si lazima awe anafuatilia, hata akiwa anasoma kitabu ubongo wake hushtukia ile sauti ngeni. Kemikali hapa ni glutamati zaidi. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, huziba kipokezi kimojawapo cha glutamati, na wimbi hilo hupungua.

Sikiliza mashine ya kusaga kwa makini ndipo utaelewa. Ikiwa tupu inalia sauti moja ndefu, juu. Msagaji akimimina debe la mahindi inazama, inakoroma, mkanda unapiga kofi mara mbili tatu. Mahindi yakikaribia kuisha inaanza kupanda tena, inapiga mluzi, halafu kimya cha dakika moja mpaka mteja mwingine afike. Feni ya dukani utaizoea kwa siku mbili. Mashine ya kusaga kila debe ni habari mpya kwa ubongo. Kwa vipimo vyetu baa yenye MC ni mbaya zaidi, kwa sababu hata muziki ukitulia yeye hatulii.

Vilevile usidanganyike na yule anayesema amezoea. Tafiti za usingizi zinaonyesha kwamba mtu anaweza kuacha kuamshwa na kelele za barabarani, lakini mapigo ya moyo wake yakaendelea kuruka kila gari linapopita. Asubuhi hakumbuki kitu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilitaja desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) ndani ya chumba cha kulala kwa kelele isiyokatika, na mwaka 2009 likapendekeza kwa Ulaya desibeli 40 za usiku nje ya nyumba. Vyumba vingi tunavyopima karibu na barabara kuu haviko hata jirani na hapo.

Kemikali za ubongo wako hatuwezi kuzigusa. Tunachoweza ni kupunguza vile vilele, ule mpando na mshuko wa ghafla, ili kinachofika kitandani kiwe kidogo na kisichobadilika sana. Ukipunguza desibeli 10, sikio huhisi kama sauti imebaki nusu. Na Mbeya tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Dar hawana: baridi. Hapa mtu anaweza kulala madirisha yamefungwa bila kuiva.

Tatizo ni kwamba dirisha la aluminiamu la kuteleza halifungi kweli. Ukipitisha kidole pale vioo viwili vinapopishana utasikia upepo, na panapopita upepo sauti inapita. Mara nyingi tunaanza na kazi ndogo tu: raba pembezoni, silikoni kati ya fremu na ukuta, kizuizi chini ya mlango, na kuziba lile tundu ambalo fundi wa dishi alilitoboa akaliacha. Ikishindikana tunaongeza dirisha la pili kwa ndani, lenye kioo cha unene tofauti na cha kwanza, na nafasi ya hewa katikati. Vioo vya unene sawa hupitisha sauti ileile kwa pamoja, hela yako imeenda.

Trei za mayai ukutani zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti ya nje. Tumeshaondoa nyingi. Besi ya spika kubwa nayo tutakwambia ukweli kabla hujatoa hela: inapita kwenye ukuta wenyewe, na dirisha peke yake halitaimaliza.

Kabla hatujaja, andika kwa siku chache saa ambazo unaamka na sauti ilikuwa inafanya nini wakati huo: imeanza, imekatika au imebadilika. Tutakuja na kipimo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Tukikuta chumba ni kimya na bado hulali, hatukuuzii dirisha. Kupima ndani ya jiji ni bure, Tukuyu na Chunya utalipia nauli ya fundi.