Kwa nini nakuomba picha moja tu, na kwa nini herufi W hunichelewesha

Kazi yangu ni kudarizi herufi za majina, na ndani ya herufi naweka picha ya mteja. Mteja mmoja alinitumia picha 63 kwa mkupuo. Alikuwa ametoka Skellig Michael, kile kisiwa cha mawe matupu kilichochomoza baharini pwani ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Alitaka zawadi ya baba yake: herufi ya kwanza ya jina la mzee, W, idariziwe kwa mtindo wa vitabu vya kale vya watawa wa huku, na ndani yake "safari yote ionekane". Safari yote maana yake boti, vibanda vya mawe walivyoishi watawa, ndege wale wa mdomo wa rangi ya chungwa wanaoitwa pafini, yeye mwenyewe kavaa koti jekundu, na machweo juu.

Nikamjibu: "Dada yangu, chagua moja."

Hakufurahi. Na si yeye peke yake, kwa hiyo naona nilieleze jambo hili hapa mara moja, nisiwe narudia kwa kila anayenipigia.

Picha tuliyoichukua mwishowe ilikuwa ile aliyotaka kuifuta. Kisiwa kile kina ngazi ya mawe yenye vidato 618, na katikati ya kupanda alisimama avute pumzi, akapiga picha ya juu bila kuangalia. Ukungu ulikuwa umeteremka. Bahari haionekani, kilele hakionekani, watu hawaonekani. Vinaonekana vidato 13 tu vilivyopinda kidogo kulia, majani pembeni, kisha weupe. Kwa simu, hiyo ni picha iliyoharibika. Kwangu mimi ilikuwa imeshajidarizi nusu, maana ukungu ulikuwa umeniondolea kila kitu ambacho ningelazimika kukiondoa mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Kitani ninachotumia kina nyuzi kama 11 kwa sentimita. Herufi yenye upana wa sentimita 14 inanipa nafasi 154 za kuchoma sindano kutoka kushoto hadi kulia, basi. Simu yako ina mamilioni ya nukta. Mtu aliyesimama mbali kwenye picha, akiingia ndani ya herufi, uso wake unakuwa mdogo kuliko punje ya kunde, na jicho lake ni mchomo mmoja wa sindano. Ukikosea uzi mmoja, shangazi anakuwa mjomba. Ndiyo maana sidarizi nyuso. Mtu akionekana kwa mgongo, au kivuli chake, hapo tunaelewana.

Machweo nayo yana shida zake. Uzuri wa machweo ni rangi kuyeyukia kwenye rangi nyingine, na uzi hauyeyuki. Naweza kupanga rangi 20 za jirani zikakaribia, lakini utalipia kila moja, na ukisogea karibu utaona mistari kama ya kikoi. Kwa kazi moja huwa nachagua rangi saba, nane, zikizidi sana tisa. Picha inayofaa ni yenye umbo moja linalotambulika hata ukikunja macho: mlango, ngazi, mti uliopindwa na upepo, tanga la jahazi.

Sasa nije kwenye herufi. Wengi mnaniambia "ile ya Kiayalandi yenye mafundo", nami najua mnamaanisha nini. Mama wa kazi hizi ni Kitabu cha Kells, Injili nne kwa Kilatini, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama karibu na mwaka 800. Kimehifadhiwa Trinity College hapa Dublin, kurasa 680, na kurasa zinazofunuliwa kwa watazamaji hubadilishwa kila baada ya muda. Asiyeweza kufika anaweza kukitazama chote bure kwenye intaneti, na namshauri kila mteja wangu akitazame kabla hajaniambia anataka nini.

Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Mathayo unaoanza habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Ukurasa mzima umebeba maneno matatu tu, na moja kati yake limefupishwa kwa alama. Herufi ya kwanza imejinyoosha kama mtu aliyeamka usingizini, imejaa mizunguko na misuko hadi jicho linapotea. Lakini shuka chini, karibu na mguu wa herufi. Utakuta paka na panya. Sogea kidogo utamwona fisi maji kamng'ang'ania samaki. Katikati ya jambo kubwa namna ile, mtawa yule alikumbuka kilichokuwa kinapita miguuni pake.

Hapo ndipo nilipopata njia ya kuwaridhisha wateja wa picha 63. Ndani ya herufi naweka jambo moja. Mguuni mwa herufi naweka kiumbe kimoja kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo dada yetu alipata ngazi yake, na chini ya W akapata pafini mmoja, uzi mmoja mmoja, mdomo wenye rangi. Koti jekundu lilibaki kwenye simu.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wa Kiswahili peke yao ndio wananiletea. Alfabeti ya zamani ya Kiayalandi ina herufi 18. Haina J, K, Q, V, W, X, Y wala Z. Sasa tazama majina yetu: Khadija, Juma, Zuhura, Yusuf, Wema. Ni kama tuliitana majina kwa makusudi ya kunikomoa! Kilatini cha watawa kinasaidia kidogo, kwa sababu X wanayo na Z hujitokeza kwenye majina ya Biblia. J kwao ni I, kwa hiyo J yangu ni I niliyoivuta mkia chini ya mstari. Lakini W hawakuwa nayo kabisa. Huwezi kuifungua kwenye kitabu ukainakili. Anayekuonyesha W "halisi ya Kells" ameitunga, kama ninavyotunga mimi, tofauti ni kwamba mimi nakwambia.

Nilichofanya ni kuchukua U mbili za mviringo, kama wanavyoziandika wao, nikazipandisha moja juu ya nyingine hadi mkono wa kulia wa ya kwanza ukapishana na mkono wa kushoto wa ya pili. Pale zinapopishana ndipo kazi ilipo. Sheria ya misuko hii ni moja: utepe uliopita juu, pishano linalofuata lazima upite chini. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, maana aliyekulia Unguja akimwangalia mtu anasuka ukili hahitaji kufundishwa. Juu, chini, juu, chini. Mkekani ukikosea unaona mwenyewe, jicho linajikwaa. Kwenye herufi ni vilevile, ila hapa ukikosea huwezi kufumua kwa vidole. Unakata kwa ncha ya mkasi, uzi kwa uzi, na kitani kinabaki na matundu yanayokucheka. Kwa hiyo W huchorwa kwenye karatasi mara nne au tano kabla sindano haijaguswa. Herufi kama M au A hunichukua kama saa 40. W hii ilichukua saa 52.

Kisha kuna suala la dhahabu. Karibu kila mteja huomba uzi wa dhahabu "kama kile kitabu". Kitabu cha Kells hakina dhahabu hata chembe. Ile njano inayong'aa ni rangi ya madini yenye sumu ya arseniki ndani yake, na waliisaga na kuipaka juu ya ngozi hadi ikadanganya macho. Uzi wa dhahabu ninao, nami siukatai kwa anayeutaka, lakini ni ghali, unakatika-katika unapopita kwenye kitani, na ukutani unameremeta peke yake kiasi kwamba huoni kingine. Njano ya pamba iliyokolea, ikizungukwa na kahawia, inafanya kazi ileile. Nakuokolea pesa zako.

Ninachokishabikia mimi ni nukta. Katika vitabu hivi herufi kubwa mara nyingi huzungushiwa nukta nyekundu, safu kwa safu, kama shanga. Kwa uzi nazifanya vifundo: unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unaubana kwa kidole, unazamisha sindano pembeni kidogo ya pale ilipotokea. Kifundo kikitoka vizuri kinakaa kama mbegu ya ufuta. Ukilegeza kidole, kinakaa kama buibui. W ya mzee ilikuwa na vifundo 412, na najua kwa sababu nilivihesabu, maana kazi hii bila kuhesabu inapeleka akili mbali. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua, tundu dogo dogo kila moja limezungushiwa uzi, na alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini hadi tukadhani anasoma uradi.

Sasa jambo litakalokugharimu usipolisoma: tahajia. Mteja mmoja aliniandikia jina la mama yake, Rukia, nikalidarizi lote chini ya herufi. Kazi ilipofika ikagundulika mama mwenyewe hujiandika Rukiya. Nilifumua jioni nne. Watawa nao waliteleza. Katika Mathayo 10:34, pale Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, mwandishi wa Kells aliandika *gaudium* badala ya *gladium*, yaani furaha badala ya upanga, na hadi leo imesimama hivyo. Yeye ana bahati, mteja wake hawezi kudai arudishiwe fedha. Kwa hiyo jina niandikie kama lilivyo kwenye kitambulisho au kama mwenyewe anavyojiandika, kisha nitakutumia mchoro, na sitakata kitani mpaka uniandikie "sawa".

Picha ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na mimi napokea uji. Iwe umeipiga wewe au mtu wa kwenu aliyekubali. Picha za kuokota mtandaoni sizipokei hata ziwe nzuri namna gani, kwa sababu zina wenyewe. Na ukiweza, nitumie pia ile uliyotaka kuifuta.

Herufi ya sentimita 14 yenye picha ndani ni yuro 420, nusu unalipa mchoro ukiukubali. Muda ni wiki sita, W na K wiki saba. Naipeleka ikiwa imezungushwa kwenye bomba la karatasi, haikunjwi, maana kitani kikikunjwa juu ya vifundo kinaweka alama isiyotoka. Fremu utapata huko uliko, ila mwambie fundi kioo kisiguse uzi, na usiitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja. Nyekundu ndiyo hutangulia kufifia.

Kuhusu mzee wa W. Alifungua zawadi yake mbele ya simu, bintiye akanitumia video. Aliitazama muda mrefu bila kusema kitu, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya kitani na kuanza kuhesabu vidato kuanzia chini. Akafika 13. Akamgeukia binti yake akamuuliza: si ulisema ulipanda 618? Hizo 605 ziko wapi?