Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi, Kapenguria

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazee, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjamboni? Karibuni sana Pokot Magharibi, na poleni na safari.

Mheshimiwa, wageni wakifika huku swali ni lile lile, korti ya Kenyatta iko wapi, na wengi wanatarajia jumba la mawe lenye nguzo kubwa kama lile la Nairobi. Hakuna. Kesi iliyotikisa Kenya nzima ilisikizwa ndani ya darasa la shule, maana Kapenguria ya 1952 haikua na korti ya kubeba kesi kama hiyo, na serikali ya mkoloni ilipapenda hivyo hivyo, mbali na Nairobi, hoteli hakuna, simu hakuna, na kuingia huku ilibidi uwe na kibali.

Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walikamatwa kuanzia usiku wa 20 Oktoba 1952, wakashtakiwa kuongoza Mau Mau, wapiganaji waliompinga mkoloni. Waliletwa hapa wakaachiliwa halafu wakakamatwa tena papo hapo, ati ndio hakimu Ransley Thacker apate mamlaka juu yao! Mawakili wao wakiongozwa na D.N. Pritt kutoka Uingereza walikua wanalala Kitale, kila asubuhi wanapanda huku na jioni wanarudi, zaidi ya kilomita 30 kwenda pekee. Mkalimani wa Kikuyu mwanzoni alikua Louis Leakey, yule yule wa mafuvu ya kale, upande wa washtakiwa ukamlalamikia mpaka akajitoa.

Hukumu ilitoka 8 Aprili 1953, miaka 7 na kazi ngumu. Sasa sikizeni hii, kwa rufaa ya kwanza majaji wa hapa Kenya wakasema Thacker alikua ameteuliwa kwa mkoa wa Northern, na Kapenguria ilikua mkoa wa Rift Valley, kwa hivyo kesi yote bure. Sisi tulifurahi tukisoma hapo lakini furaha haikudumu, korti ya rufaa ya Afrika Mashariki ikapindua na wazee wakabaki ndani. Halafu 1958 shahidi mkuu Rawson Macharia akajitokeza na kiapo kwamba alidanganya, na aliyefungwa kwa hicho kiapo ni yeye.

Seli walizowekwa ndizo zimekua makumbusho tangu 1993. Watu wanapiga picha huko kwa seli na tunafurahi, ila darasa lililogeuzwa korti halizungumzwi sana, na kwetu hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Maombi yetu ni machache. Tunaomba tusaidiwe na mchoraji ramani tuchore kile chumba kilivyopangwa, hakimu alikaa wapi, washtakiwa wapi. Tunaomba rekoda tuwafikie wazee waliokua watoto wakati huo kabla hawajatuacha. Na tunaomba basi la kubeba wanafunzi, mheshimiwa, hata la siku moja kwa muhula, shule za Kacheliba na Sigor nazo zifike hapa.

Ni sisi wanaklabu, asante sana.