Sanamu ile haina pengo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu sanamu za mama na mtoto. Nawashukuru, maana sanaa yetu hii haipewi nafasi magazetini mara nyingi. Lakini mwandishi wenu alipofika kwenye sanamu ya mama asiye na mume pembeni, alisema inaonyesha "nyumba yenye pengo". Mimi ni mchonga vinyago hapa Mwenge, na nimelelewa na singo maza, kama vijana wasemavyo. Neno hilo la "pengo" limenikaa rohoni wiki nzima.

Sanamu yenyewe ni ya Elizabeth Catlett, Mmarekani Mweusi. Aliichonga kwenye jiwe la chokaa alipokuwa akimaliza masomo Chuo Kikuu cha Iowa, na mwaka 1940 ikapata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya watu weusi huko Chicago. Mwalimu wake, Grant Wood, aliwahimiza wanafunzi watengeneze kile wanachokijua vizuri. Catlett alikijua nini? Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake alifanya kazi ya kufuatilia watoto watoro wa shule, na bibi yake alimsimulia habari za utumwa. Itazameni tena sanamu ile. Mama na mtoto wametoka kwenye jiwe moja. Hakuna mahali palipoachwa wazi kumsubiri mtu mwingine.

Natamani pia mngemtaja Augusta Savage, aliyemtangulia Catlett. Alizaa akiwa bado msichana mdogo kule Florida, mumewe akafariki. Mwaka 1921 aliingia New York kutafuta masomo ya uchongaji akiwa na dola 4.60. Binti yake, Irene, alimwacha kwa wazazi wake. Ni mama huyu ambaye mwaka 1939 alitengeneza kinubi cha futi 16 kwa Maonyesho ya Dunia ya New York, nyuzi zake zikiwa waimbaji weusi waliosimama kwa safu. Kilikuwa cha plasta. Fedha za kukimimina kwa shaba hazikupatikana, na maonyesho yalipokwisha kikabomolewa. Huwa inaniuma kila nikikumbuka.

Habari ya Irene kuachwa kwa wazee naielewa kuliko kitu chochote. Mama yangu aliniacha kwa bibi, Newala, akaja Dar kuuza maandazi na uji. Kifurushi kilikuja kwa basi: sukari, madaftari, na safari moja viatu vyeusi vilivyonizidi mno, kwa sababu alikuwa ananipima kwa makisio. Bibi alivijaza matambara kwenye ncha, nikaenda navyo shule. Kila miezi kadhaa alipunguza matambara kidogo, mpaka siku moja hayakuhitajika tena.

Kwa hiyo, Mhariri, kama mnatafuta pengo kwenye sanamu hizi, mimi naliona pengo la bibi. Mama tunamwita "peke yake" kwa sababu tu mchongaji hakumwonyesha aliyembebea mtoto mbeleko wakati yeye yuko kazini au masomoni. Sisi Wamakonde, ambao tangu zamani tumehesabu ukoo kwa upande wa mama, tunayo namna ya kumwonyesha: kinyago cha ujamaa, watu wa vizazi mbalimbali wakishikana na kupandana ndani ya gogo moja la mpingo. Mimi bibi namweka chini kabisa, kwenye unene wa gogo. Wateja huniuliza kwa nini nimembebesha mzee uzito wote ule. Huwa nawajibu kwamba ndivyo nilivyomwona.

Naomba mwandishi wenu apite bandani kwangu kabla hajaandika sehemu ya pili. Nina gogo nimelianza mwezi huu. Uso wa bibi umeshatoka, naupiga msasa, na miguu ya mtoto aliye juu yake nimeivika viatu vikubwa.

Mchonga vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam