Kabla hujang'oa bati, mtu apande darini kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana mvua za Novemba haziko mbali, na huku Tabora pesa za tumbaku zikishaingia tu unaona gari zimebeba mabati zinapishana mtaani, kila mtu anasema mwaka huu nang'oa lote naweka la rangi. Bati la rangi sina ubaya nalo. Ila watu wengi wanaamua kung'oa au kuziba wakiwa wamesimama uani wanaangalia juu, bati limekuwa jekundu basi hukumu imepita, wakati cha kuangalia kwanza ni mbao zilizolibeba hilo bati.

Nyumba ya marehemu baba hapa Isevya ilikuwa inavuja chumba cha mama, kaka zangu walioko Dar wakasema kwenye grupu tuchangeni tuezeke upya. Fundi wa kwanza hata ngazi hakuomba, akapiga hesabu ya nyumba nzima pamoja na kofia, yaani bati la kufunika kilele cha paa, palepale kwenye kiti. Mama akakataa, akaagiza aitwe mzee mmoja aliyeezeka nyumba nyingi huku mtaani. Yule mzee alikuja saa sita mchana, jua limewaka, akaingia darini na mimi nyuma yake, akasema funikeni hilo tundu la kuingilia. Giza likawa totoro, hapo ndo ukaona miale ya jua inavyopenya, na karibu yote ilikuwa kwenye misumari. Bati linatanuka mchana linasinyaa usiku, miaka nenda rudi, msumari unalegea kichwa chake kinainuka, ule mpira wa chini unakauka unapasuka, maji yanapita. Na tundu lililokuwa linamlowesha mama halikuwa juu ya chumba chake kabisa, lilikuwa kule juu karibu na kofia ya paa, maji yanateremka na papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, mpaka yapate pa kudondokea. Kwa hiyo jamani doa la kwenye silingi bodi msiliamini.

Halafu akachukua bisibisi akaanza kuchoma kenchi, yaani zile mbao kubwa zinazobeba paa, moja baada ya nyingine, na kwa maoni yangu jibu lote liko hapo. Mbao nzima inagoma, ncha haiingii. Iliyooza au kuliwa na mchwa inazama kama mkate, hata kama kwa nje unaiona safi. Zetu ni mninga, zilikuwa ngumu, isipokuwa papi za upande wa mwembe ambako majani yanajazana juu yanashika unyevu mpaka kiangazi, na bati za upande huo nazo zilikuwa zimelika kweli, ukibonyeza kwa dole gumba zinatoboka. Basi tukabadilisha upande ule, kwingine tukachomoa misumari tukafunga skrubu nene kuliko tundu la zamani, zenye mpira mpya. Kutu ya juujuu ikakwanguliwa ikapakwa rangi. Mama analala pakavu.

Wanaonitia uchungu zaidi ni wale wa upande wa pili, kenchi zimeliwa na mchwa, paa limebonyea katikati mpaka mpita njia anaona, na kila mwaka wanapaka lami juu ya lami. Hapo hakuna cha kurepea, ng'oa mpaka mbao. Upepo unaotangulia mvua za kwanza unaingia chini ya paa unalisukuma juu, kinacholizuia ni hizo mbao na waya uliofunga kenchi kwenye ukuta, sasa ukipigilia bati jipya la bei kwenye mbao iliyobaki unga, vyote vinaondoka pamoja na chini kuna watoto wamelala.

Ukibadilisha upande mmoja tu beba kipande cha bati la zamani uende nacho dukani, migongo ya bati, yale mawimbi yaliyoinuka, isipolingana maji yatapita hapo hapo kwenye maungio. Kiraka lazima kiingie chini ya bati la juu yake, sio kubandikwa juu, na msumari unapigwa kwenye mgongo, bondeni ndo njia ya maji. Na muuzaji akikutajia geji, kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene, geji 32 ni jembamba kuliko 28, nimeona watu wanafurahia namba kubwa wakidhani wamepata zuri.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa asibesto haya ya kupanda na kutoboa hayawahusu kabisa. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, usilikate, usilivunje, usilikwangue, nenda halmashauri uulize namna ya kuliondoa.

Ombi langu Mhariri, mtafuteni mwalimu wa useremala pale chuo cha ufundi VETA Tabora mmpe ukurasa mzima aeleze na picha kenchi iliyoliwa ikoje na nzima ikoje, na mchape wiki hizi kabla watu hawajamaliza hela madukani, maana mvua ikishaanza hakuna fundi atakayekubali kufunua paa.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora