Buriani fundi wa magari ya vita

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke rafiki yangu, fundi wa magari ya kale ya kijeshi, aliyetutoka mwezi uliopita hapa Nakuru.

Alichokipenda zaidi ni gari la jeep la Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni za Willys na Ford ziliunda zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945, na wengi wetu hatuwezi kuyatofautisha. Yeye alishika boliti, akaifuta grisi kwa kidole gumba, akatafuta herufi F kichwani, kwani Ford waliipiga chapa hata kwenye vipuri vidogo. Boliti isiyo ya gari hilo hakuifunga, hata ikiingia sawasawa. Wateja walilalamika kucheleweshwa. Mimi nasema alifanya haki.

Vijana wa gereji aliwasimulia pia habari za askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma.

Ombi langu ni kwa wenye Land Rover na malori ya Bedford ya jeshi yanayoozea uani: tafadhali msiyauze kwa kilo kama vyuma chakavu. Vijana aliowafunza wapo, na kazi wanaiweza.

Msomaji wenu,
Nakuru